Maswali Yenu: Glia Huiambia Nini Niuroni?

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni haujengwi na niuroni, yaani seli za neva zinazopeleka ujumbe, peke yake. Seli za glia, zinazokaa kati ya niuroni, hutumiana kemikali na niuroni hizo, na kila upande hungoja habari kutoka kwa mwenzake kabla ya kuchukua hatua. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingine zimeuliza mambo mazito. Hizo tumezipa nafasi ndefu zaidi.

*

Kitabu chetu cha baiolojia kinasema glia ni gundi ya ubongo, na kwamba ni nyingi mara kumi kuliko niuroni. Ninyi mnasema zinatoa maagizo. Tumwamini nani?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi*

Kitabu chako kimebeba mambo mawili ya zamani. Jina "glia" lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Alilileta Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, katika miaka ya 1850, alipoona kitu kilichojaza nafasi kati ya seli za neva akadhani kazi yake ni kuzishikilia tu. Hadubini za wakati ule hazikumwonyesha zaidi ya hapo. Jina likabaki, na maana yake ikabaki vichwani mwa watu.

Ile hesabu ya kumi kwa moja nayo imeanguka. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, waliponda ubongo wa binadamu mpaka ukawa uji, wakahesabu viini vya seli vilivyoelea ndani yake. Walipata niuroni zinazokaribia bilioni 86 na seli nyingine zinazokaribia bilioni 85. Kwa hiyo ni kama moja kwa moja.

Shika majina manne, maana yatarudi katika majibu mengine. Astrosaiti zina umbo la nyota na hugusa niuroni na mishipa ya damu. Oligodendrosaiti huvingirisha aksoni, yaani nyuzi ndefu za niuroni, kwa mafuta ya mayelini. Maikroglia ni askari na wasafishaji. Glia radia ni seli ndefu za wakati wa ujauzito, ambazo huzaa niuroni na pia huziongoza njia.

*

Nafundisha kidato cha tano na cha sita. Naomba mfano mmoja kamili, tangu ishara inapotoka hadi inapofika, ambao naweza kuuchora ubaoni.
*Mwalimu wa baiolojia, Dodoma*

Mwalimu, mfano bora tunaoufahamu uko jikoni kwako: wale inzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Jicho la inzi wa matunda ni mkusanyiko wa vijicho kama 800, na kila kijicho kina seli 8 za kupokea mwanga. Seli sita kati ya hizo hupeleka aksoni zake kwenye kituo cha kwanza cha ubongo wa kuona, kiitwacho lamina. Lamina imepangwa kwa nguzo, nguzo moja kwa kila kijicho, na kila nguzo ina niuroni tano zilizopewa majina L1 hadi L5.

Waulize wanafunzi kabla hujachora: lamina inajuaje kuwa inatakiwa kujenga nguzo ngapi? Wape dakika mbili za kubishana. Wengi watasema jeni zimehesabu. Hapana. Jicho ndilo linalopeleka habari, na glia ndiye mjumbe.

Sasa chora jicho la buu upande wa kushoto na lamina upande wa kulia. Kutoka kwenye jicho vuta mistari ya aksoni. Aksoni hizo zinapoingia kwenye lamina huwa zimebeba protini ambayo wagunduzi waliiita kalunguyeye, kwa sababu buu aliyeikosa huota vijimwiba kama mnyama huyo. Seli changa za lamina zikiipokea kalunguyeye, hugawanyika kwa mara ya mwisho na kusimama katika nguzo. Zimesimama, lakini bado si niuroni. Hapa ndipo wanafunzi hupotea, kwa hiyo simama kidogo. Kujipanga ni hatua moja. Kuwa niuroni ni hatua nyingine, na huja baadaye.

Aksoni zilezile hutoa ishara ya pili, EGF, ambayo ni protini ya kuchochea ukuaji. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba EGF inasema moja kwa moja na zile seli changa, kwa kuwa jicho likinyimwa EGF niuroni za lamina hazitokei. Mwaka 2017 Vilaiwan Fernandes na wenzake, katika maabara ya Claude Desplan huko New York, walionyesha kwamba kuna mtu katikati. Kuna glia zinazozikumbatia aksoni za jicho na kukua pamoja nazo kuelekea kwenye lamina. Glia hizo ndizo zinazopokea EGF. Zikiisha kuipokea, huanza kutengeneza na kutoa peptidi (protini fupi) za jamii ya insulini, na ni peptidi hizo zinazoziambia seli za nguzo: kuweni niuroni. Kipokezi cha EGF kikizimwa ndani ya glia hizi, seli hujipanga nguzo vizuri kabisa, kisha hukwama hapohapo, na L1 hadi L4 hazipatikani.

Kwa nini ujumbe upitie kwa mtu wa tatu? Kwa ajili ya muda. Kama EGF ingezifikia seli changa mara moja, zingekuwa niuroni kabla nguzo haijakamilika. Glia hukua taratibu nyuma ya ncha za aksoni, kwa hiyo ujumbe wa pili hufika wakati ule wa kwanza umeshafanyiwa kazi. Kuchelewa huko ndiko kunakoleta mpangilio.

Utaona nimetaja L1 hadi L4 tu. L5, iliyo chini kabisa ya nguzo, ina mjumbe wake. Mwaka 2022 kundi la Fernandes, sasa likiwa University College London, lilionyesha kwamba glia nyingine, zilizo chini ya lamina, nazo husikia EGF kutoka kwenye jicho. Hizo hujibu kwa kutoa EGF yao wenyewe pamoja na kolajeni ya aina ya IV, na seli ya chini ya nguzo ikizipokea huwa L5. Na hapa pana jambo zuri sana: L5 iliyozaliwa hivi punde hutoa protini iitwayo Argos ambayo huziba EGF. Ni kama kusema "imetosha, nimeshapatikana". Kwa hiyo kila nguzo hupata L5 moja, wala si mbili, na seli changa iliyobaki bila kazi hufa.

Makosa matatu ya kuangalia katika michoro ya wanafunzi. La kwanza ni mshale wa EGF unaotoka kwenye jicho na kufika moja kwa moja kwenye seli za nguzo. Ukiuona, mrudishe mwanafunzi kwenye glia. La pili ni kuchora glia ya aina moja inayofanya yote. La tatu ni kuandika kwamba insulini inashusha sukari kwenye lamina. Molekuli za jamii moja hufanya kazi tofauti kutegemea nani amezipokea na ana kipokezi gani, na somo zima limelala hapo.

Wakikuuliza kama binadamu naye yuko hivyo, wajibu kwa uangalifu. Seli za inzi si zetu, ila desturi ya kujibizana ni ileile. Kwa mfano, katika gamba la ubongo la wanyama wanaonyonyesha, glia radia huzaa niuroni kwanza na astrosaiti baadaye. Mojawapo ya ishara za kubadili kazi ni kadiotrofini-1, protini inayotolewa na zile niuroni zilizozaliwa. Watoto wanamwambia mama yao: sisi tumetosha, sasa zaa wasaidizi.

*

Watafiti walijuaje kwamba astrosaiti huchochea sinapsi kwa kemikali, wala si kwa kugusana tu na niuroni? Ningependa kujua jaribio lenyewe lilivyopangwa.
*Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi*

Sinapsi ni kiungo ambapo niuroni moja hupitisha ujumbe kwa nyingine. Msingi wa kila kitu ulikuwa kupata niuroni safi. Maabara ya Ben Barres huko Stanford ilitumia niuroni za retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) za panya wachanga, zile zinazopeleka aksoni kwenye mshipa wa neva wa jicho. Retina huyeyushwa kwa kimeng'enya mpaka seli ziachane. Kisha mchanganyiko humwagwa kwenye sahani zilizopakwa kingamwili. Sahani ya kwanza hunasa seli zisizotakiwa, ya mwisho hunasa niuroni zinazotafutwa. Niuroni hizo hubanduliwa na kukuzwa kwenye maji ya lishe yasiyo na seramu (maji ya damu yasiyo na seli), yenye vichocheo vya kuziweka hai, na insulini ni kimojawapo.

Zikiwa peke yake niuroni hizo huishi na kuota matawi, ila mazungumzo yao ya umeme ni hafifu mno. Hilo lilichapishwa mwaka 1997. Ili kutenganisha kugusana na kemikali, astrosaiti hukuzwa kwenye kikombe chenye kitako cha utando wenye matundu madogo sana, kikaning'inizwa juu ya niuroni. Protini hupita, seli hazipiti. Njia nyingine ni kuchukua maji ambayo astrosaiti zimekaa ndani yake kwa siku kadhaa na kuyamimina kwenye niuroni. Kwa njia zote mbili sinapsi ziliongezeka. Ripoti ya mwaka 2001 ilitoa ongezeko la kama mara saba.

Kuhesabu ni kwa rangi mbili. Kingamwili moja hupaka protini ya upande wa mtumaji, nyingine ya upande wa mpokeaji. Pale nukta mbili zinapolaliana pahesabiwe sinapsi moja. Kisha huja kazi ya uvumilivu, ya kutafuta ni protini ipi ndani ya yale maji. Mwaka 2005 jibu likawa trombospondini. Hata hivyo sinapsi zilizojengwa na trombospondini peke yake zina umbo kamili chini ya hadubini lakini ni bubu, kwa kuwa upande wa mpokeaji haujapata vipokezi vya glutameti (kemikali ya kupitisha ujumbe) vya aina ya AMPA. Mwaka 2012 zikapatikana glipikani 4 na 6, nazo hutoka kwenye astrosaiti, ambazo huvileta vipokezi hivyo. Protini moja hujenga mlango, nyingine huufungua.

Ukitaka kurudia jaribio hili, angalia mambo haya. Seramu ndiyo mharibifu mkubwa. Astrosaiti zilizokuzwa kwenye seramu hubadilika tabia na kufanana na zile za kwenye jeraha, kwa hiyo unachopima si kinachotokea kwenye ubongo mzima. Pili, astrosaiti chache zikiponyoka wakati wa kusafisha, sahani yako ya "niuroni pekee" itaanza kujenga sinapsi na tofauti itafifia. Paka sampuli rangi ya astrosaiti uzihesabu kabla hujaamini chochote. Tatu, idadi ya niuroni kwa kila sahani lazima ilingane, kwa kuwa zikisongamana sinapsi huongezeka zenyewe. Nne, sahani ya kulinganishia ipewe maji yaleyale, yaliyokaa kwenye joto lilelile kwa siku zilezile, bila astrosaiti. Na anayehesabu asijue sahani ipi ni ipi. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, kisha hushangaa matokeo yao hayarudiki.

*

Nasikia maikroglia hula sinapsi za mtoto. Hiyo si hasara?
*Msomaji, Tanga*

Ni kupogoa. Ubongo mchanga huunganisha kupita kiasi, kisha hubakisha miunganisho inayotumika. Sinapsi zisizo na nguvu hupakwa alama za C1q na C3, protini zilezile ambazo kinga ya mwili hutumia kuwekea bakteria alama. Maikroglia zina kipokezi cha C3, zikiiona alama hula. Sinapsi zenye kazi hujilinda kwa protini CD47, ambayo huwaambia walaji wapite. Panya walioondolewa C1q hubaki na miunganisho ya ziada kati ya jicho na ubongo, na njia za macho mawili hazitenganishwi sawasawa.

Kupogoa kukizidi kunaweza kudhuru. Utafiti wa mwaka 2016 ulihusisha aina fulani za jeni ya C4, iliyo katika mfumo huohuo, na hatari kubwa kidogo ya ugonjwa wa skizofrenia. Hatari hiyo ni ndogo kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usiichukulie kuwa hukumu.

*

Nina mimba ya miezi minne. Kliniki wamesisitiza chumvi yenye madini joto kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Kwetu tunatumia chumvi ya kuchemsha ya kienyeji, na ni nafuu. Kuna uhusiano gani na hizo seli mnazoandika?
*Mama mtarajiwa, Sumbawanga*

Hongera, mama, na asante kwa kuuliza. Uhusiano upo na ni wa karibu kuliko unavyodhani.

Tezi ya shingoni hutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni iitwayo T4. Namba hiyo ni idadi ya chembe za iodini zilizomo. T4 ikifika kwenye ubongo bado haijawa tayari kwa kazi. Astrosaiti huipokea kutoka kwenye damu, huitoa chembe moja ya iodini kwa kimeng'enya maalumu, na kuifanya T3. Hiyo T3 ndiyo inayopita kwa niuroni jirani, ikaingia mpaka kwenye kiini na kuamsha jeni za kukua na kuhama. Oligodendrosaiti nazo huitegemea ili zikomae na kuanza kutengeneza mayelini. Glia, kwa maneno mengine, ndiyo inayoiandaa homoni kabla niuroni haijaitumia. Lakini haiwezi kuandaa kisicholetwa.

Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama kabisa, na tezi yake mwenyewe hushika kazi taratibu kuelekea katikati ya mimba. Upungufu mkubwa katika kipindi hicho huacha ulemavu wa akili, uziwi na miguu isiyotembea vizuri, na madini joto yanayotolewa baada ya kuzaliwa hayayarudishi yaliyopita. Ndiyo maana kliniki wamekusisitizia sasa, kabla hujajifungua.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 za iodini kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha. Mtu mzima mwingine anahitaji 150. Tufanye hesabu. Chumvi inayofika nyumbani ikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kilo, gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, hukupa mikrogramu 150. Kilichobaki kitafute kwa samaki wa baharini, dagaa wa baharini, mayai na maziwa. Usiongeze chumvi ili kufikisha 250, kwa sababu shinikizo la damu katika ujauzito nalo ni hatari. Matone au vidonge vya iodini usijinunulie, maana ikizidi nayo huvuruga tezi ya mtoto. Muulize muuguzi wako.

Chumvi ya kienyeji ya kuchemsha mara nyingi haina madini joto hata kidogo. Ukitaka kuhakikisha, kliniki nyingi na maofisa afya wana kipimo cha matone: tone moja kwenye chumvi, ikigeuka bluu au zambarau ina iodini, ikibaki nyeupe haina. Kwa chumvi ya pakiti, tatizo huwa ni utunzaji. Unyevu na jua huiondoa iodini kidogo kidogo, kwa hiyo ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto. Usiioshe chumvi ya mawe kabla ya kutumia, kwa kuwa iodini imekaa juu ya punje na huondoka na maji. Tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva.

Neno moja kuhusu muhogo mchungu, kama mnautumia sana. Usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo huacha sumu ambayo mwilini hugeuka thayosayaneti, nayo hushindana na iodini kuingia kwenye tezi. Uloweke siku tatu au nne, umwage maji yake, uuanike mpaka ukauke kabisa.

*

Nimezalisha miaka mingi. Wakati wa Zika tuliambiwa tupime vichwa vya watoto, lakini hakuna aliyetueleza virusi hivyo hufanya nini hasa ndani ya ubongo.
*Mkunga, Kampala*

Dada mkunga, virusi hivyo vilitambuliwa nyumbani kwenu, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, mwaka 1947, kwenye damu ya tumbili aliyewekwa kwa uchunguzi wa homa ya manjano. Madhara yake kwa watoto waliomo tumboni yalijulikana baadaye sana, wakati wa mlipuko wa Brazil wa mwaka 2015 na 2016.

Shabaha yake kubwa ni zile glia radia. Fikiria seli yenye mguu mmoja kwenye uwazi wa maji katikati ya ubongo na uzi mrefu unaofika hadi ngozi ya nje ya ubongo. Kiini chake kiko chini, na huko chini ndiko huzaa niuroni. Niuroni iliyozaliwa huushika uzi huo na kuupanda, kama mgema anavyoupanda mnazi, mpaka ifike safu yake. Mtafiti Pasko Rakic aliyaonyesha haya kwa ubongo wa kima mwaka 1972.

Katika kupanda huko kemikali hazikomi. Niuroni hutoa niuregulini, ambayo huiambia glia radia ibaki imenyooka. Ikikosekana, uzi hujikunja kabla ya wakati na njia hupotea. Juu kabisa, seli za mwanzo za tabaka la nje hutoa rilini, ishara inayoongoza niuroni zijipange: zilizozaliwa mapema hukaa chini, zilizozaliwa baadaye huzipita na kukaa juu. Watoto waliozaliwa na hitilafu ya jeni ya rilini huwa na ubongo usio na mikunjo ya kawaida na ubongo mdogo wa nyuma uliodumaa. Sehemu kubwa ya safari hii hufanyika kati ya wiki ya 12 na ya 24 ya mimba.

Sasa virusi vinapoua glia radia, hasara ni mbili kwa pigo moja. Kiwanda cha niuroni kinafungwa, na njia ya zile zilizokwisha zaliwa inakatika. Kichwa hubaki kidogo kwa sababu ubongo ulioko ndani haukukua kukisukuma fuvu. Pombe nayo huvuruga glia radia na safari ya niuroni, na ndiyo maana hakuna kiasi cha pombe kinachohesabiwa salama kwa mjamzito.

Katika kupima, tumia utepe usiovutika. Upitishe juu ya nyusi na masikio, nyuma upite pale panapotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua kipimo kikubwa. Kwa mtoto mchanga aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, viwango vya Shirika la Afya Duniani huhesabu kichwa kuwa kidogo kikiwa chini ya sentimita 31.9 kwa mvulana na 31.5 kwa msichana. Aliyezaliwa kabla ya wakati alinganishwe na jedwali la umri wa mimba yake, vinginevyo utawaogopesha wazazi bure. Kichwa kilichobanwa njiani, au chenye uvimbe wa maji chini ya ngozi, hudanganya utepe kwa upande huu au ule. Rudia baada ya siku chache, uvimbe ukiwa umeshuka, kabla ya kuandika chochote cha kutisha kwenye kadi.

*

Mtoto wangu ana miezi saba. Kuna vidonge vinatangazwa mitandaoni kuwa vinakuza glia na mayelini. Ninunue?
*Baba, Mombasa*

Usinunue, ndugu. Hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kufanya hivyo kwa mtoto mwenye afya. Mayelini huwekwa kwa mpangilio wake, kwa kasi kubwa katika miaka miwili ya kwanza, na huendelea hadi ukubwani. Sehemu ya amri hutoka kwenye aksoni zenyewe. Zile zinazofanya kazi hutoa ishara, na oligodendrosaiti huitikia kwa kuvingirisha. Kuongea na mtoto, kumbeba, kumwimbia na kumwacha ajishughulishe ndiko kunakozifanya aksoni hizo zifanye kazi.

Kitu ambacho oligodendrosaiti huhitaji kwa wingi, na ambacho watoto wengi hukikosa, ni madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua afikapo miezi sita, na maziwa ya mama pekee hayaijazi. Mpe maini yaliyopondwa, samaki, nyama ya kusaga au maharage yaliyopondwa, pamoja na tunda lenye vitamini C kama papai au chungwa. Usimpe chai, hata ya maziwa, kwa sababu hufunga chuma kisifyonzwe. Kama mama yake bado anameza vidonge vya chuma, naye aviache mbali na chai kwa saa moja au mbili. Mtoto akionekana mweupe viganjani na kwenye kope za ndani, au akilegea, mpeleke apimwe damu kabla ya kumpa dawa yoyote ya chuma, kwani kipimo hutegemea uzito wake na kikizidi ni sumu.